Samaki wa Mwanga, Kigoma: uliza mwezi kwanza

Kigoma mjini, mahali pa kula ni Mwanga. Huko chini karibu na ziwa kuna hoteli zenye mandhari nzuri, sikatai, lakini jioni watu wanapanda barabara ya Lumumba kuja huku kwenye mishikaki, chipsi na masufuria ya mama lishe. Mgahawa ninaousifia uko mtaa wa nyuma ya soko, mkabala na mafundi cherehani. Hauna kibao. Kuna meza chache, viti vya plastiki, na ndoo ya koki mlangoni ya kunawia mikono.

Kilichonifunga hapo ni jibu nililopewa mara ya kwanza. Nilimwamkia mama, nikaagiza mgebuka wa kuchemsha. Akaniambia, "Mwanangu, sasa hivi ni mbalamwezi. Mbichi hakuna, nina wakavu. Au nikupakulie maharage?"

Kwa mgeni maneno hayo yanahitaji maelezo. Dagaa na migebuka wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa: samaki wanaufuata mwanga, wanakusanyika, wavu unapandishwa. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima linang'aa, taa haina nguvu tena, na wavuvi wengi wa Kibirizi na Katonga wanapumzika mpaka giza lirudi. Kwa hiyo ukiletewa "mgebuka wa leo" katika siku hizo, una haki ya kuuliza ametoka wapi. Kuna sehemu moja yenye vitambaa mezani waliniuzia wa namna hiyo kwa bei ya mbichi. Nyama ilikuwa imelegea, na walikuwa wamemkaanga mpaka akakauka ili harufu isisikike. Tangu hapo sehemu nisiyoijua naagiza wa kuchemsha, kwa sababu mchemsho haufichi kitu. Samaki mbichi nyama yake inashikana, na mchuzi unabaki mwepesi wenye utamu wake hata ukiwa na chumvi, nyanya na ndimu tu.

Giza likirudi, nenda kwa mama huyo ukaombe dagaa wabichi wa mawese. Mawese yake ni mekundu yenye harufu safi, hayajaunguzwa, na vitunguu anavitia vingi. Dagaa hawapondeki; unamwona kila mmoja. Waombe kwa ugali wa muhogo, ule unaovutika, na kisamvu pembeni. Dona ipo pia, ila kwa mboga ya mawese muhogo ndio mwenzake. Kuhe, samaki mwingine wa ziwa hili, yeye hategemei taa kama hao wengine, kwa hiyo siku za mbalamwezi anaweza kuwepo. Ukimkuta usimwache, ingawa bei yake iko juu.

Asubuhi kuna chai ya maziwa yenye tangawizi ya kutwanga na chapati. Chapati ni za kawaida. Chai ni nzuri kweli.

Mgahawa huu niliuheshimu zaidi mwaka 2024, uvuvi ziwani uliposimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane na kukua. Miezi mitatu hiyo ilikuwa migumu kwa majiko yote ya mji huu. Mama alipika maharage, nyama, na dagaa wakavu aliokuwa nao, na kila aliyeingia aliambiwa hivyo kabla hajakaa. Mimi naunga mkono kufunga ziwa. Nchi nne zinalivua, na nataka wanangu nao wale migebuka.

Kasoro zipo. Mchana joto la jiko linaingia mpaka mezani, feni hakuna, na mkiwa kundi kubwa mtatawanyishwa. Huduma inachelewa mchemsho ukiwa mwingi. Malipo ni taslimu au kwa simu.

Fika kabla ya saa saba mchana. Kisamvu ndicho kinachoisha kwanza, na hapiki sufuria ya pili.