Mkasi wa kupogolea na mpira wa matone: vinaifaa micheri?

Mkasi ndio uliostahili sifa zaidi. Ni ule wenye wembe mmoja unaopishana na taya nene iliyopinda, si ule unaolibana tawi juu ya bapa. Kwa mcheri tofauti hiyo ni kubwa mno. Tawi likipondwa, kidonda huchelewa kufunga, utomvu hutoka na kuganda kama gundi, na kuvu wa ugonjwa wa majani ya fedha anapata mlango wa kuingilia. Mkasi huu unakata tawi la unene wa sentimita 2 kwa mkono mmoja, na gome halichaniki. Ila ushike vizuri: wembe ukae upande wa sehemu inayobaki mtini, taya nene ibane kile kinachotupwa. Na kile kivimbe kidogo pale tawi linapoungana na shina usikiguse, maana kidonda hujifunga kuanzia hapo.

Mimi hupogoa baada ya kuvuna, wakati wa kiangazi, siku za ukavu. Wakati wa baridi majani yamepukutika na matawi yote yanaonekana, kwa hiyo mkono huniwasha kweli nitamani kukata, lakini ndio msimu wa unyevunyevu na bakteria wa donda la gome huenea, huku mti umelala na hauna nguvu ya kujitibu. Miche michanga tu ndiyo huikata mapema, vitumba vikianza kufumka, ili kuipa umbo.

Nilichokipenda kuliko vyote ni ncha yake nyembamba. Cheri tamu huzaliwa kwenye vijiti vifupi vilivyosongamana vitumba, kwenye matawi ya miaka 2 na zaidi, na kijiti kimoja huzaa miaka mingi. Ukikivunja umepoteza mavuno ya misimu kadhaa. Ncha hii inapita katikati ya vijiti hivyo bila kukwaruza. Cheri chachu ni habari nyingine: huzaa zaidi kwenye matawi yaliyoota mwaka uliotangulia, kwa hiyo yaliyochoka hukatwa bila huruma ili mapya yachipue.

Kasoro yake ni springi. Utomvu unaishika, inakwama, na inabidi kuifuta kwa spiriti, jambo ambalo kwa vyovyote ni lazima kufanya kila unapohama mti.

Mpira wa matone, yaani ule wenye vitundu unaodondosha maji, nao ni mzuri, ingawa haukunifurahisha vivyo hivyo. Mizizi ya mcheri haiendi chini sana na haivumilii maji yaliyotuama, kwa hiyo matone ya polepole yanaifaa. Huuzungusha chini ya matawi, mbali na shina, kisha naufunika kwa matandazo. Faida yake kubwa huonekana matunda yakikaribia kuiva: udongo ukikauka kisha ukapata maji mengi ghafla, cheri hupasuka ngozi. Ukiwa na unyevu uleule siku zote, hasara hiyo inapungua, ingawa mvua haina dawa. Na tafadhali usifunge bomba mavuno yakiisha! Vitumba vya maua ya mwaka ujao huundwa kiangazi hicho hicho, na mti wenye kiu kwenye joto kali hutoa matunda mengi pacha msimu unaofuata.

Tatizo ni vitundu vyake kuziba kwa chokaa, na hauji na chujio. Mkasi ningeununua tena leo. Mpira, nunua na chujio lake pamoja.