Bangili ya "kupima hisia": inamfaa kijana wangu, ila inunue kwa macho mawili

Jina la "hisia" wameipa wauzaji. Bangili yenyewe inapima jasho na mapigo ya moyo. Chini yake kuna vyuma viwili vidogo vinavyogusa ngozi. Jasho likitoka, ngozi hupitisha umeme kwa urahisi zaidi, na bangili inatetema. Kwa nini limetoka, haijui.

Hapa Mwanza hilo utaliona upesi. Kijana wangu ana miaka 15 na ana usonji. Akipanda ngazi za mawe kwenda kwa bibi yake Mabatini, inatetema. Timu ya Pamba Jiji wakifunga bao pale uwanja wa CCM Kirumba inatetema vilevile, naye anacheka mpaka machozi.

Lakini soko la Mwaloni ndipo nilipoikubali. Uso wa mwanangu hauonyeshi kitu mpaka mambo yameshaharibika, watu hudhani ametulia. Tulikuwa katikati ya magunia ya dagaa, wabeba mizigo wanapiga kelele tuwapishe, spika ya muuza dawa iko juu, bangili ikaanza. Akaitazama, akanivuta kanga, akanyoosha kidole upande wa ziwa. Tukatoka. Zamani tungetoka ameshajigonga kichwa, watu wametuzunguka wakisema ana mashetani.

Mkanda wake wa mpira ni mbaya kabisa kwa joto letu. Vipele vilimtoka, na huyu ni mtoto asiyevumilia hata lebo ya shati; akaivua akaitupa. Fundi cherehani wa Makoroboi akatushonea mkanda wa pamba laini wenye tundu la kupitisha vile vyuma. Sasa anaivaa mwenyewe asubuhi bila kuambiwa.

Mwalimu wake aliomba grafu za bangili, za jasho na mapigo, ziingie kwenye simu yake pia. Nikamuuliza mwanangu, akaandika: "Hapana. Ni mwili wangu." Basi haziendi. Wenzetu wa Umoja wa Ulaya, tangu Februari 2025, sheria yao ya akili unde (AI) inakataza mifumo ya kukisia hisia za wanafunzi shuleni, isipokuwa kwa tiba au usalama. Nasi tuwaulize watoto wetu kwanza.

Chaji inamaliza siku. Programu ni ya Kiingereza tupu, na grafu hazifunguki bila bando, ila mtetemo unafanya kazi hata simu ikiwa nyumbani. Ukienda kununua, hakikisha mkanda unabadilishika, na mtoto aivae pale pale dukani. Akiikataa, rudi na hela yako.