Kumpeleka paka mzee kwa daktari wa wanyama: uzoefu wangu na Tausi

Ndoo ya bafuni ndiyo iliyonishtua. Tausi, paka wangu jike wa miaka 14, hakuwa mtu wa maji. Tangu mama aniletee mwaka 2010, akiwa kitoto cha kuenea kiganjani, bakuli lake lilikuwa likishinda pale pale bila kupungua. Februari ile nikawa namkuta kasimamia ukingo wa ndoo, anakunywa, anapumzika, anarudia. Nikasema ni joto la Dar es Salaam.

Lakini joto gani linalomkondesha paka? Nikimpapasa mgongoni nahesabu pingili. Mchanga wa kwenye sinia lake la kujisaidia, niliokuwa nabadilisha mara moja kwa siku, sasa ukawa unalowa chapachapa mchana tu. Manyoya yalisimama na kushikana kiunoni, kwa sababu aliacha kujilamba. Ukutani kwa jirani, mahali alipokuwa anapaa kwa mruko mmoja, akawa anatazama juu kisha anageuka. Alfajiri anatapika povu jeupe. Na mdomo ukawa na harufu kali ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Mama mkwe wangu, aliyefuga paka tangu usichana wake, aliniambia, "Mwanangu, huyo kazeeka. Mwache apumzike." Sikumbishia, maana na mimi nilikuwa najipa jibu hilo hilo kila siku. Nilipoteza wiki tano hivyo. Naandika haya hasa kwa ajili ya wiki tano hizo, kwa yeyote ambaye paka wake kazeeka na anaanza kubadilika. Paka huficha maumivu. Hatalia kama mbwa. Atajikunja uvunguni mwa kitanda, na wewe utadhani anapenda ubaridi wa sakafu.

Nilianzia duka la dawa za mifugo la jirani. Muuzaji hakumpima uzito wala hakumgusa tumbo. Alimchoma sindano ya antibayotiki, akampa kidonge cha minyoo, nikalipa shilingi 15,000. Siku mbili baadaye Tausi akaacha kula kabisa. Jirani mmoja, kwa nia njema kabisa, akanishauri nimsagie robo ya Panadol. Namshukuru Mungu sikufanya hivyo. Parasetamoli, ambayo ndiyo dawa iliyomo kwenye Panadol, ni sumu kwa paka. Ini lake haliwezi kuivunja kama letu, na damu yake inashindwa kubeba oksijeni. Hata kipande kidogo kinaweza kumuua. Kama hukumbuki kingine katika maelezo yangu, kumbuka hilo.

Kliniki niliyokwenda nilielekezwa na dada mmoja wa kazini anayefuga mbwa. Iko Mikocheni. Nilipopiga simu, aliyepokea aliniuliza amekula lini mara ya mwisho, anakojoa, na anapumuaje. Nikamwambia hajala tangu juzi. "Usingoje kesho, dada. Mlete leo." Baadaye daktari alinieleza kwamba paka akikaa siku mbili tatu bila kula, mwili huanza kusomba mafuta na kuyarundika kwenye ini mpaka ini lenyewe linagoma. Akaongeza kwamba dume anayechuchumaa kukojoa na mkojo hautoki hangoji hata usiku mmoja, huyo ni wa kukimbizwa saa ile ile.

Nilimweka kwenye kapu la ukili lenye taulo, nikalifunika kwa kanga, tukapanda bajaji kutoka Magomeni. Pale kliniki, paka na mbwa wanangojea kwenye baraza moja, na hili ni kosa. Tausi alitetemeka mpaka kapu likawa linacheza. Nilipoomba, waliniruhusu ningoje nje chini ya mwembe hadi zamu yangu, lakini nadhani wangenieleza wenyewe mapema.

Daktari alikuwa binti mdogo, labda hajafika miaka thelathini, na nakiri niliingia na wasiwasi. Ulikwisha ndani ya dakika tano. Kabla hajamgusa alifungua mlango wa kapu akamwacha atoke mwenyewe, huku ananihoji. Anakunywa maji kiasi gani? Nikasema mengi. "Mengi kiasi gani, mama?" Sikuwa na jibu. Akanieleza namna ya kupima: jaza bakuli kwa jagi lenye alama, kesho yake saa ile ile pima kilichobaki, na ndoo zote zifunikwe. Paka akizidisha mililita 100 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, kuna tatizo. Nilipokuja kupima nyumbani, Tausi alikuwa anamaliza zaidi ya 350.

Mizani ilisoma kilo 3.1. Kadi yake ya chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo nilikuwa nimeibeba, ilionyesha kilo 4.2. Daktari akasema, "Huyu amepoteza robo ya mwili wake. Ni kama mtu wa kilo 80 abaki na 60." Niliinamisha kichwa. Hakunisimanga, akaendelea na kazi. Joto la mwili lilikuwa nyuzi 38.4, ambalo kwa paka ni la kawaida. Alivuta ngozi ya mgongoni kuona kama amekaukiwa, akanionya kwamba kwa paka mzee ngozi hudanganya kwa kuwa imeshalegea, ndiyo maana alimgusa na fizi. Zilikuwa kavu, zinanata. Alipapasa shingo akitafuta uvimbe wa tezi, maana paka wazee wengine hukonda kwa sababu ya tezi hiyo, ila hao mara nyingi hula sana na hawatulii. Kisha akaminya tumbo taratibu. Figo zilikuwa ndogo na ngumu.

Majibu ya damu na mkojo yalitoka baada ya saa mbili hivi. Sukari ilikuwa sawa, kwa hiyo kisukari tukakiweka kando. Kreatinini, yaani taka ya damuni ambayo figo hutakiwa kuichuja, ilikuwa juu, maikromoli 310 kwa lita, na mkojo ulikuwa mwepesi kama maji. Maradhi ya figo, hatua ya tatu kati ya nne. Karatasi ya majibu ilikuwa ya Kiingereza tupu, na ilibidi niombe nifafanuliwe, lakini nilipoomba alikaa chini akanichorea figo kwenye karatasi. Figo iliyochoka haiwezi kubana maji, mkojo unatoka mwingi na mwepesi, ndipo paka anakunywa ili afidie. Kiu yake ilikuwa inamweka hai. Na kreatinini haipandi mpaka sehemu kubwa ya figo iwe imeshakufa, kwa hiyo ugonjwa ulikuwa umeanza zamani, pengine kabla ya ndoo.

Alilazwa siku mbili kwa dripu, akapewa na dawa ya kichefuchefu. Siku ya pili jioni nilipomtembelea alikula kijiko cha kuku. Nililia mbele ya watu.

Gharama ziliniuma, na naziandika ili mjipange: kumwona daktari 30,000, vipimo 110,000, kulazwa 120,000, dawa na maji ya kutumia nyumbani 45,000. Jumla shilingi 305,000. Nilimwogopa mume wangu. Alisoma risiti kimya, akaikunja, akasema, "Miaka 14 unga wetu haukuguswa na panya." Hakusema zaidi.

Kasoro nyingine za kliniki ni kwamba usiku hakuna mtu, na hawana kipimo cha presha ya paka. Maradhi ya figo hupandisha presha, na presha inaweza kumpofusha paka ghafla. Daktari alikiri upungufu huo mwenyewe, akanifundisha kumtazama macho: mboni zikibaki kubwa hata juani, au akianza kujigonga kwenye viti, nimrudishe siku hiyo hiyo.

Kilichonifanya niwape alama za juu ni mafunzo ya nyumbani. Sikuamini kwamba mimi ningeweza kumchoma paka sindano. Daktari alinishika mkono mara mbili, ya tatu nikachoma mwenyewe. Unapasha mfuko wa maji ya Ringer, yale ya dripu, kwenye beseni la maji vuguvugu, unainua ngozi ya katikati ya mabega kama hema, unaingiza sindano, unaacha mililita 100 zishuke. Panavimba kama yai, uvimbe unateremkia mguuni, asubuhi umekwisha. Tausi hukaa ananguruma mapajani mwangu wakati wote.

Chakula ndicho kilichotusumbua. Dagaa aliokula maisha yake yote wana fosforasi nyingi mifupani, na figo zake haziwezi tena kuitoa. Chakula maalumu cha paketi alikigomea wiki nzima. Nilikuwa namchanganyia nusu kijiko ndani ya kuku wa kuchemsha, bila chumvi wala kitunguu, maana kitunguu nacho ni sumu kwake. Daktari alinikataza kumshindisha njaa ili akubali. "Bora ale kisichofaa kuliko asile." Sasa anakula nusu kwa nusu.

Ni mwezi wa nane huu. Hatapona, hilo niliambiwa siku ya kwanza bila kufichwa. Kila Jumamosi namweka ndani ya beseni juu ya mizani ya jikoni na kuandika kwenye daftari la vikoba la zamani. Jumamosi iliyopita aliandikwa kilo 3.4. Mkojo na damu tunarudia Jumatano, na safari hii nimeshawaambia tutangojea chini ya mwembe.