TAHADHARI: Muuza spea za magari ya zamani wa "mashine inakuja Ijumaa"

Ndugu zangu wenye magari ya zamani, someni hii kabla hamjatuma hela yoyote. Kuna mtu anazunguka kwenye makundi yetu akijifanya anaokoa spea kwenye yadi ya magari chakavu inayofungwa. Mimi ameshaniingiza mkenge, na tangu nilipoanza kuulizia nimekuta wenzangu wanne aliowaliza vilevile. Jina lake silitaji maana halitawasaidia, nimeona akilibadilisha mara tatu. Mtambueni kwa wimbo wake: mashine ya kukandamiza magari inakuja Ijumaa, na kisichotoka leo kesho ni tofali la chuma.

Maneno hayo yanatupata kwa sababu yana ukweli ndani yake. Yadi hufungwa kweli, na mwenye yadi anauza chuma kwa uzito. Kwake kabureta ya miaka ya sitini na bampa lililokunjika ni kilo tu. Nani kati yetu hajawahi kufika akakuta gari alilokuwa akilinyemelea limeshabanwa? Kwa hiyo mtu akitaja Ijumaa, mkono unakwenda mfukoni kabla akili haijaamka. Wangu ulikwenda.

Nina Volkswagen Beetle ya 1966, injini ya cc 1200, umeme wa volti 6. Nilianza kwa kununua kwake kifuniko cha rimu. Kilikuja haraka, kimefungwa vizuri, kipo kama alivyokisema. Sasa ndiyo nafahamu kwamba kile kilikuwa chambo. Wiki mbili baadaye akaniandikia mwenyewe: "Mzee wangu, nimepata 1200 nzima, ila mashine inakuja Ijumaa." Akaniwekea flaiwili (lile gurudumu zito lenye meno ambalo stata huling'ata kuwasha injini) ya volti 6, kabureta ya Solex 28 PICT, na injini kamili itakayofuata kwa lori. Alitaka nusu ya bei ya vyote, akisema ni ya kumlipa mwenye yadi ili avitenge. Nikatuma.

Kifurushi cha flaiwili na kabureta kilifika. Fundi wangu akafunga flaiwili, akaunganisha injini na giaboksi, akaizungusha kwa mkono. Krrr. Kitu kinasaga ndani ya ganda la klachi. Akatoa kila kitu tena bila kusema neno, akachukua chaki, akatia alama kwenye jino moja, akaanza kuhesabu huku akigusa kila jino kwa kidole. Alipofika mia moja na tisa hakusimama. Akaendelea mpaka 130.

Kwa wasiojua: flaiwili ya Beetle ya volti 6 ina meno 109, na ya volti 12 ina meno 130 na ni pana zaidi. Ukiiweka hiyo kubwa kwenye giaboksi la volti 6 bila kulichonga ganda kwa ndani, itasaga. Stata nayo haiendani. Na picha aliyonitumia ilionyesha meno yote, wazi kabisa! Ningekaa dakika tano na kalamu ningejua. Sikukaa.

Kabureta ilikuwa imepakwa rangi ya fedha nzito mpaka herufi za ubavuni zimezibwa. Tukaikwangua kidogo kwa kucha, ikatokea 30 PICT, ya injini kubwa kuliko yangu. Nikashika mkono wa fimbo ya kipepeo cha hewa nikautikisa juu na chini, ukacheza kama jino la mtoto. Kabureta yenye mchezo wa namna hiyo huvuta hewa pembeni, na sailensa (injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta) haitulii hata ufunge skrubu zote. Rangi mpya juu ya kabureta kuukuu inaficha kitu, kwa uzoefu wangu mara zote.

Nikamwandikia. Jibu lake nimelihifadhi: "Mzee, 6 au 12, gari si ni lilelile?" Nikauliza injini iko wapi. Akasema lori limeharibika njiani. Siku mbili baadaye akanifungia, namba haipatikani.

Hapo ndipo nikarudi kuitazama picha ya injini, kazi ambayo ningeifanya kabla ya kulipa. Namba ya injini ya Beetle hupigwa kwenye krankkesi (ganda la injini), chini kidogo ya kiti cha dinamo. Nikaivuta picha, nikaona namba inaanza na H. Kwenye injini za kipindi kile D ni 1200, F ni 1300, H ni 1500. Alikuwa ananiuzia 1200 kwa picha ya 1500, na sidhani hata hiyo 1500 aliwahi kuigusa, kwani picha ileile niliikuta baadaye kwenye tangazo la mtu mwingine kabisa, la zamani, bado na kona ya kidole cha mpigapicha juu kushoto. Kutafuta picha kwa picha kwenye intaneti hakuchukui dakika.

Ana mchezo wa pili, na huu ni mbaya zaidi kwa sababu unaweza kukulaza rumande. Anauza ruhusa. Anakuambia lipa ada ndogo, nenda yadi fulani na spana zako, mwenye yadi anajua, ng'oa unachotaka kabla ya Ijumaa. Mwenzetu mmoja alilipa, akaenda na kijana wake. Walikuwa wameshafungua taa mbili na usukani wa Peugeot 404 pale mlinzi alipowakuta. Mwenye yadi hakumjua huyo bwana wala hakuwa na mpango wa kufunga. Waliachiwa kwa kuomba sana, na spana zikabaki. Ruhusa ya kuingia yadi ya mtu inatoka kinywani mwa mwenye yadi, ukiwa umesimama mbele yake, na risiti mkononi unapotoka na kitu.

Mtu anayeokoa spea kweli ana dalili zake, na huyu hana hata moja. Mwokoaji wa kweli anakupigia picha spea ikiwa bado kwenye gari, tope na kutu juu yake, kabla ya kufungua nati ya kwanza. Ukimwomba picha ya pembeni, anarudi kuipiga, labda kwa kulalamika. Bolti anazitia mfukoni pamoja na spea yake kwa sababu anajua shida ya kuzitafuta. Waya anazifungua kwenye viungio. Hazikati kwa koleo. Anakuambia hata ubaya: hii imepasuka sikio, hii nimeinyunyizia mafuta usiku kucha na bado haijaachia. Huyu wetu kila kitu chake ni "safi kabisa, mzee".

Ukilazimika kununua kwa mbali, mwombe picha mpya ya spea ikiwa na karatasi yenye neno utakalolichagua wewe dakika hiyo, na tarehe. Mwombe video akiitikisa fimbo ya kabureta, akizungusha dinamo, akiweka rula ya chuma juu ya uso wa silinda hedi ili, kama imepinda, mwanga uonekane unapopita chini yake. Kwa bodi, mwambie aburuze sumaku juu ya chuma. Inapoacha kushika kuna tope la kuzibia chini ya rangi (usijaribu kwa Land Rover za Series, bodi yake karibu yote ni aluminiamu, utamsingizia mtu bure). Akikuuzia mipira ya milango "haijatumika, ya tangu 1965" na bado ni laini kama ya jana, basi ni ya jana. Mpira wa umri huo hukauka na kupasuka hata ukiwa ndani ya boksi. Si vibaya kununua mpya, ila lipa bei ya mpya.

Na hela ya "kutenga" usitume. Mwenye yadi anayeuza kwa kilo hatengi, anapima na kukupa.

Kama umeshatuma, fanya haraka. Piga simu kwa benki au kampuni ya simu uliyotumia saa hiyohiyo, uombe muamala uzuiwe. Mmoja wa wale wanne aliwahi hela ikiwa bado haijatolewa, akarudishiwa sehemu. Mazungumzo usiyafute hata kama yanakutia aibu. Piga picha za skrini kabla hajakufungia, pamoja na namba ya muamala na jina lililojitokeza ulipotuma, kisha nenda nayo polisi. Mimi nilichelewa siku tisa kwa kumsubiri fundi wa lori ambalo halikuwepo.

Flaiwili bado iko kwenye benchi la fundi, alama ya chaki haijafutika. Jana usiku nimeona tangazo jipya kwa jina la nne. Safari hii ni dashibodi na vioo vya Mercedes W123, picha zimepigwa juani, na chini ameandika: harakeni, mashine inakuja Ijumaa.