Utepe au setilaiti: kupima kaboni ya miti Nairobi

Anayetaka kujua kiasi cha kaboni kilichohifadhiwa katika msitu kama Karura anaweza kuingia mwenyewe na utepe wa kupimia, au kutegemea picha za setilaiti.

Mpimaji wa utepe huzungusha kipimo chake kwenye shina, mita 1.3 kutoka ardhini, hukadiria uzito mkavu wa mti, kisha huhesabu takriban asilimia 47 ya uzito huo kuwa kaboni. Kazi hii ni ya jasho na huchukua siku nyingi, lakini akiinama huona kama kuna miche ya muhugu, mti wa asili, inayochipua, au kama lantana, kichaka vamizi, imeisonga yote.

Setilaiti za Sentinel-2 hupita kila baada ya siku 5 hivi na huonyesha ardhi kwa miraba ya mita 10 kwa 10, kwa hiyo ukataji wa eneo kubwa hujulikana mapema, isipokuwa masika, mawingu yanapotanda. Hata hivyo, kwenye picha lantana nayo ni kijani, na kijani hicho huweza kudhaniwa kuwa msitu unaofufuka. Ndiyo maana nisingekubali mkulima alipwe kwa kaboni ya miti yake, wala anyimwe malipo hayo, kwa kutegemea picha pekee.