Penseli au kompyuta: nembo ianzie wapi?

Katika studio yetu ndogo ubishi huu hauishi. Kati ya nembo tatu tulizotengeneza karibuni, mbili zilianzia daftarini, ya tatu ikazaliwa kwenye skrini. Ukizibandika ukutani, tofauti unaiona.

Penseli kwanza. Kwa kasi haina mpinzani: nusu saa, michoro arobaini, mingi ya ovyo. Lakini ovyo nao huzaa. Kuna herufi "m" niliyoichora mkono ukiwa umechoka, bega lake la kulia likavimba kidogo, na uvimbe huo ndio mteja alioupenda. Programu isingenipa kosa lile. Milton Glaser naye, mbunifu wa michoro wa Marekani, mwaka 1976 alichora wazo la nembo ya I ♥ NY kwa rangi nyekundu juu ya kipande cha bahasha akiwa ndani ya teksi; kipande hicho sasa kinatunzwa katika makumbusho ya MoMA, New York.

Kompyuta nayo ina yake. Mchoro wa vekta, yaani uliojengwa kwa hesabu za mistari badala ya vidoti vya rangi, unaukuza kutoka ukubwa wa kifungo cha shati hadi bango la barabarani, na kingo zinabaki kali. Kwa nembo ya miduara na mistari iliyonyooka, penseli ni kujitesa tu. Ubaya wa kompyuta ni kwamba mchoro wa kwanza hutoka safi mno: mteja anadhani kazi imekwisha, nawe unaanza kuamini hivyo hivyo.

Mimi naanza na penseli, labda muda ubane. Mwenzangu hunicheka, yeye hata kifutio hana.