TAHADHARI: Kuna mtu anafunga geji feki za turbo kwenye malori, Arusha na Moshi

Wakuu, hasa wenye Fuso, Canter za turbo na Land Cruiser za kazi, someni hii kabla hamjamtumia mtu hela.

Kuna jamaa anazunguka kati ya Arusha na Moshi anauza seti ya geji tatu: busti ya turbo (presha ya hewa ambayo turbo inasukuma kuingia kwenye injini), presha ya oili na joto la ekzosi. Hana duka. Anakutumia picha za dashibodi zenye geji zinazowaka bluu, anakuhakikishia mali ni orijino ya Japani, anaomba nusu ya hela kwa simu, kisha anakufuata unakopaki na kukufungia hapo hapo. Bei yake laki tatu na nusu pamoja na ufundi. Mwisho anakuandikia karatasi ya mkono yenye waranti ya miezi sita. Kazi nzima anaimaliza ndani ya saa moja na nusu, na huo muda peke yake ungetosha kumuumbua.

Sensa ya joto la ekzosi haibandikwi nje. Inaingia ndani ya manifoldi, lile bomba la chuma linalokusanya moshi unapotoka kwenye injini, kabla ya turbo, ncha yake ikae katikati ya njia ya moshi. Ili iingie, manifoldi lazima itobolewe na kukatwa meno, na fundi anayeheshimu kazi yake anaishusha kwanza, maana unga wa chuma ukibaki ndani unakwenda moja kwa moja kwenye mapanga ya turbo. Kushusha manifoldi ya Fuso iliyofanya kazi miaka, bolti zimeshika kutu, ni nusu siku na zaidi. Mtu akimaliza geji zote tatu kwa saa moja na nusu, hakutoboa kitu.

Kwenye lori langu hakutoboa. Linabeba vitunguu kutoka Mang'ola, na ile kupanda na mzigo kutoka bonde la Eyasi hadi Karatu ndiyo iliyonifanya nitafute geji. Nilitaka dereva aone joto linapanda, apunguze mafuta na kushusha gia mapema. Mafundi wengi wa dizeli hawapendi joto likae juu ya nyuzi 700 kabla ya turbo, na wana sababu: pistoni nyingi ni za aluminiamu, na aluminiamu inayeyuka kwenye nyuzi 660. Pistoni inapona kwa sababu oili inaipoza, ila uvumilivu wake una kikomo.

Siku hiyo dereva yuko mlimani, moshi mweusi umetanda nyuma, gari halivuti, na mshale wa joto umetulia kwenye 350. Alipofika tambarare akaliacha sailensa, yaani injini inanguruma bila kukanyagwa mafuta, mshale uko pale pale 350. Presha ya oili nayo inaonyesha bar 4, akikanyaga mafuta au akiachia. Kilichomshtua ni harufu ya oili inayoungua. Akazima, akainua kabini, akakuta oili inachuruzika kutoka kwenye sensa mpya na kudondokea ekzosi. Injini imepona. Turbo imekufa. Shafti ya turbo inaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ikielea juu ya oili, kwa hiyo oili ikipungua, turbo ndiyo ya kwanza kuumia.

Fundi umeme alipofungua dashibodi tulisimama pale hatuna la kusema. Waya wa sensa ya joto ulikuwa umekatwa, umeviringwa na kufungwa selotepu nyeusi. Nyuma ya geji palichomelewa rizista ndogo, kile kipande cha kuzuia umeme, ukubwa wa punje ya mchele. Ukiwasha swichi, mshale unapanda taratibu mpaka 350 na kukaa. Yaani alikaa chini akatengeneza uongo huo kwa mkono wake, kwa gari ambalo watu watapanda.

Sensa yenyewe ya oili ilikuwa ya meno mengine. Injini nyingi za Kijapani zina tundu la sensa lenye meno ya aina ya BSPT 1/8, meno 28 kwa inchi. Yake ilikuwa ya aina nyingine, NPT 1/8, meno 27 kwa inchi. Ukizijaribu kwa mkono zinaingia mizunguko ya kwanza kama zinaelewana, halafu zinakaza. Yeye akazungushia ule utepe mweupe wa mafundi bomba akasukuma kwa spana. Kwenye gari lililotulia haivuji. Likipata moto na mtikisiko wa barabara ya vumbi, inaachia.

Linaloniuma kuliko yote ni swichi ya oili. Ili apate tundu la sensa yake, aling'oa ile swichi ya kiwandani inayowasha taa nyekundu, wala hakuweka kiungo cha T ili zote mbili zikae. Lori lilikuwa na onyo la kweli, akaliondoa akaweka mshale wa uongo. Bila geji, dereva mzoefu anasikiliza injini na kuangalia moshi. Ukimwekea geji anaiamini, na ana haki ya kuiamini.

Umeme nao aliuchukua kwenye betri moja kati ya mbili, kwa kuwa geji zake ni za volti 12 na lori ni la 24. Betri hiyo moja inachoka kabla ya mwenzake. Kinachotakiwa ni konveta ya kushusha 24 kuwa 12, yenye fyuzi yake.

Dereva mmoja wa magari ya watalii wa Moshi ameniambia na yeye alifungiwa seti kama hiyo kwenye Land Cruiser ya 1HZ. Injini ile ilitoka kiwandani bila turbo, kwa hiyo aliyeongezewa turbo baadaye anaihitaji geji ya joto kuliko sisi wengine wote. Mshale wake nao haukuwahi kusogea.

Unayetaka kununua, kwa mtu yeyote yule, ziunganishe geji na betri mezani kabla ya kulipa. Ncha ya sensa ya ekzosi iwekee moto wa kiberiti cha gesi: mshale upande, ukiondoa moto ushuke. Sensa hiyo inatoa umeme kidogo sana, kama milivolti 25 kwenye nyuzi 600, ndiyo maana inakuja na waya wake maalumu. Ukiona imeungwa kwa waya wa kawaida wa taa, namba zake usizitegemee. Kama unanunua na geji ya joto la maji, itumbukizie sensa kwenye sufuria ya maji yanayochemka. Kwa mwinuko wa Arusha isome karibu na 95, Moshi karibu na 97. Muulize pia sensa ni ya meno gani. Halafu dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Atakayeanza kuzungukazunguka kwenye hilo, mwache aende.

Aliyekwisha kufungiwa, nenda kwenye gari lako leo. Washa swichi bila kuwasha injini: taa nyekundu ya oili lazima iwake, na injini ikishawaka izime. Isipowaka kabisa, usitoke na mzigo. Kisha inama uangalie manifoldi kama kweli kuna waya unaingia ndani.

Mimi nimeripoti polisi na RB, namba ya taarifa yangu, ninayo. Geji na ile rizista nimezihifadhi kama zilivyokutwa. Mwenye karatasi ya waranti ya namna hiyo au meseji za malipo asizifute, akaripoti na yeye kituo cha karibu, maana malalamiko ya mtu mmoja ni rahisi kuitwa ugomvi wa mteja na fundi.